Barua ya Wazi kwa Waziri wa Maliasili na Utalii Kuhusu Njia ya Misafara

Mheshimiwa Waziri,

Ninakuandikia nikiwa mwalimu wa historia hapa Ilala, kukuomba uwaeleze wananchi andiko la kuombea Njia ya Kati ya Biashara ya Watumwa na Pembe za Ndovu itambuliwe kuwa Urithi wa Dunia limefikia wapi. Njia hiyo, yenye vituo vya Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji, iliingia katika orodha ya awali ya Tanzania huko UNESCO, yaani orodha ya maeneo ambayo nchi inakusudia kuyaombea, mwaka 2006, mwaka uleule ambao michoro ya miambani ya Kondoa ilitambuliwa kuwa Urithi wa Dunia.

Utaratibu wenyewe unafahamika. Eneo huanzia kwenye orodha ya awali, andiko hupokelewa Paris hadi tarehe 1 Februari, ICOMOS, baraza la kimataifa la wataalamu wa maeneo ya kihistoria, hukagua urithi wa utamaduni, kisha Kamati ya Urithi wa Dunia yenye nchi 21 huamua. Katika vigezo kumi, kimoja kinatosha. Thamani ya njia hii sidhani kama ina mbishi. Kazi iko kwenye mipaka, eneo la kinga linalozunguka mipaka hiyo na mpango wa usimamizi, kwa sababu kila kituo kiko katika mkoa wake, kuanzia Pwani hadi Kigoma, na vingine ni makazi ya watu hadi leo.

Chukua Mji Mkongwe wa Bagamoyo. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, ambayo hupitisha unyevu. Mwenye nyumba akiona ufa huuziba kwa saruji, kwa kuwa ndiyo inayopatikana duka la jirani, na unyevu ukikosa pa kutokea hubaki ukutani, lipu ikabanduka na jiwe likamomonyoka nyuma yake. Simlaumu hata kidogo: nani amempunguzia gharama za fundi wa chokaa?

Wala kutambuliwa peke yake si kinga. Sehemu ya jumba la kihistoria la Beit al Ajaib iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, jumba likiwa ndani ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, uliotambuliwa tangu 2000. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, yakaondolewa 2014 baada ya ukarabati uliowashirikisha wanavijiji. Kikao cha Kamati cha mwaka huohuo 2014 kikaliingiza Pori la Akiba la Selous katika orodha hiyo kwa sababu ya ujangili.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, ninaomba taarifa ya andiko itolewe kwa Kiswahili, tena ibandikwe hata kwenye ofisi za kata, na wenye nyumba wa Bagamoyo pamoja na wazee wa Ujiji waitwe kabla mipaka haijachorwa, maana eneo likishatambuliwa, kuibadili kwa kiasi kikubwa ni sawa na kuomba upya.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa historia,
Ilala, Dar es Salaam