Wauzaji wa vifaranga vya bata mzinga watwambie ukweli

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie bata mzinga, ndege ambaye watu wa mjini wamezoea kumfuga kwa ajili ya Krismasi, lakini ambaye katika nyumba kadhaa, yangu ikiwemo, amegeuka kuwa mmoja wa familia kwa sababu watoto walimpenda na mzazi akashindwa kuwakatalia.

Mwaka juzi nilinunua vifaranga wanane kwa muuzaji mmoja hapa Morogoro, aliyeniapia kwamba anayejua kufuga kuku hana jipya la kujifunza kwa bata mzinga. Nikamwamini, nikawachanganya na kuku wetu wa kienyeji. Siku za mwanzo kazi ilikuwa kuwafundisha kunywa, maana kifaranga wa bata mzinga anaweza kufa kwa kiu huku maji yapo mbele yake, na binti yangu alikuwa akimshika mmoja mmoja na kumchovya ncha ya mdomo. Walipofikisha majuma kadhaa, mmoja alianza kujikunyata pembeni, mabawa yameshuka, kinyesi kikiwa cha manjano kama kiberiti. Mwezi ulipokwisha walikuwa wamebaki watatu, na binti yangu alikuwa na makaburi matano nyuma ya mgomba.

Daktari wa mifugo alinieleza kilichotokea. Upo ugonjwa unaosababishwa na kijidudu kinachojificha ndani ya mayai ya minyoo ya kuku. Kuku huubeba bila kuonyesha dalili kubwa, ilhali kwa bata mzinga hushambulia utumbo na ini, naye mara nyingi haponi. Mayai hayo hudumu ardhini hata kwa miaka, kwa hiyo kuwahamisha kuku leo na kuingiza bata mzinga kesho katika uwanja uleule hakusaidii kitu. Aliniambia pia kwamba chakula cha kawaida cha vifaranga vya kuku hakiwatoshi, kwani katika majuma ya mwanzo wanahitaji protini ya kiasi cha asilimia 28.

Hawa watatu, tuliowajengea banda lao mbali na kuku, wametulipa kwa furaha. Dume, ambaye watoto walimpa jina la Mheshimiwa, huitikia kila honi inayopita barabarani, na akifutuka, kichwa chake hubadilika rangi mbele ya macho yako, kutoka wekundu hadi buluu na weupe. Jirani huuliza kila Desemba tutamchinja lini. Nimeshamweleza kwamba ndege huyu akitunzwa vizuri anaweza kuishi kiasi cha miaka kumi, naye bado anauliza.

Sisemi kwamba hana usumbufu. Akijiona katika mlango wa gari linalong'aa, hudhani amepata mpinzani na kuanza kumdonoa, na tayari nimekwisha kulipia rangi ya gari la mgeni mmoja. Lipo na jambo zito zaidi: dume aliyelelewa peke yake mikononi mwa watu, bila wenzake, akikomaa huweza kuwaona binadamu kuwa ndio wapinzani wake na kuwarukia kwa makucha, hasa watoto. Kwa hiyo yule mzazi anayetaka kununua kifaranga kimoja tu, kwa kuwa ni kizuri na bei ni nafuu, ndiye hasa anayepaswa kuonywa kabla ya kutoa fedha.

Ombi langu ni kwa maofisa mifugo wa kata, kwamba wanapopita masokoni wawabane wauzaji wa vifaranga wamweleze kila mnunuzi mambo matatu: bata mzinga asikae na kuku, asifugwe peke yake, na chakula chake si cha kuku. Maelezo hayo hayazidi dakika mbili, na mimi ningeyapokea kwa shukrani siku ile niliporudi nyumbani na boksi la vifaranga wanane mapajani.

Mama wa watoto watatu,
Kihonda, Morogoro.