Faharasa imeniumbua

Zuu mwenzangu,

Hujambo, wa kwako hawajambo, na Mzee Tanbihi je, bado anawasahihisha watu wakiwa katikati ya sentensi? Mimi mzima, namshukuru Mungu, ila macho ndo yamegoma. Najua, najua, miezi saba sijakujibu. Kabla hujaanza kunisema nikukumbushe tu kwamba Chuo Kikuu cha Cambridge walipewa hati ya kuchapa vitabu na mfalme Henry wa Nane mwaka 1534, kitabu cha kwanza wakakitoa 1584. Miaka 50 hiyo. Mimi na miezi yangu saba nina afadhali kubwa.

Kilichonitoa pangoni ni hiki: prufu zimekuja, zile kurasa za kusahihisha kabla ya kuchapa. Kile kitabu cha mirathi ambacho ulishakizika na kukisomea dua kimefufuka, kurasa 312 zimepangwa, kila moja na namba yake, na mhariri kaniandikia mistari minne tu kwamba nina wiki tatu za kusahihisha makosa na kutengeneza faharasa, ile orodha ya maneno na kurasa zake mwishoni mwa kitabu. Faharasa! Mimi miaka yote nilidhani wao ndo wanatengeneza, kumbe kwenye mkataba imeandikwa wazi, kipengele ambacho sikukisoma kwa kiherehere cha kusaini, kwamba ni kazi ya mwandishi, afanye mwenyewe au amlipe mtu. Wa kumlipa simwezi, basi nimekaa hapa na kalamu ya njano na wiki moja imeshateketea.

Zuu, hii kazi usiione hivi. Nilianza kwa ujanja, nafungua faili, naandika neno kwenye kile kisanduku cha kutafuta, kompyuta inanipa kurasa, nazinakili, mchezo umeisha. "Ardhi" ikaja na kurasa 214. Sasa msomaji wa kurasa 214 si bora asome kitabu chote tu? Nikasema sawa, tuje kwa wake, maana sura ya pili yote inahusu wake wenza, nikaandika "wake", mama yangu, kila ukurasa umewaka taa. Watoto wake, ukoo wake na urithi wake, mali ya mjomba wake, huyo mke sijui yuko wapi humo. Nikajaribu "mke", nikapata mkewe, mkeka na mkesha. Halafu sura ya tano nzima ni kuhusu watu wanaonyamaza mbele ya hakimu, si unaikumbuka, wewe ndo ulisema ndo sura pekee yenye roho, na neno "ukimya" limo mara mbili tu! Kwa mashine hiyo sura haipo. Hapo nikaacha kuwashangaa wachapishaji wanaoendelea kuweka faharasa hata kwenye vitabu vya kielektroniki. Lazima mtu akae asome upya, ajiulize hapa kwani nilikuwa naongelea nini, na aisee mara nyingine jibu sina.

Na Kiswahili chetu nacho kina vituko vyake. Mjane yuko M, wajane wako W, nimweke wapi? Mwongozo wa Chicago wa uandishi na uhariri, ule ambao toleo la kwanza ni la 1906, una sura nzima ya faharasa na unasaidia kweli (mfano kidahizo, yaani neno linaloorodheshwa, kikizidi kurasa tano sita unashauriwa ukigawanye chini yake), lakini hauna habari na ngeli zetu. Nikiweka umoja, herufi M inavimba: mahakama, mirathi, mjane, mke, mlalamikaji, mtoto, mume, mwosia, mzee, yaani M peke yake ina kurasa mbili na nusu wakati F imekaa kama yatima na "fidia" na "fitina". Na vitenzi je? Kuapa iende K au A? Kamusi inaweka apa, lakini nani atatafuta "apa" nyuma ya kitabu cha historia? Nimeweka "kiapo" nikakimbia.

Ili nijifunze nikaenda kwenye rafu ya vitabu vipya, nikabeba kumi na kimoja vya fani zote, nikavisoma kuanzia nyuma kama mtu anayesoma kwa bahati mbaya. Raha niliyopata sikutegemea. Wanahistoria faharasa zao ni majina ya watu na miji, utadhani orodha ya waalikwa. Kile cha falsafa kina dhana tupu, binadamu hawazidi kumi na wote marehemu. Cha sayansi ya siasa ni vifupisho, herufi nne nne, ukurasa umekaa kama ubao wa namba za magari. Cha anthropolojia ndo kilinichekesha, mtafiti kaishi na watu miaka miwili, kala nao, kalia nao, halafu kwenye faharasa hayupo hata mmoja, maana wote amewapa majina ya bandia, ila maprofesa aliowanukuu wamejaa tele kwa majina yao halisi. Nikacheka, halafu nikakumbuka mashahidi wangu wa mahakamani nao nimewafanyia vilevile. Kimoja cha isimu kina kidahizo "kosa, ona usahihi", na ukienda kwenye usahihi unaambiwa "ona kosa". Sijui ni utani au mtu alikuwa amechoka. Mimi ningekuwa mhariri ningeuacha.

Sasa ndo nakuja kwenye lenyewe, maana hayo yote nilikuwa nazunguka.

Juzi usiku nimefika W. Nikaandika "wanawake", nikaanza kujaza: na ardhi, na kiapo, na mahari, na ushahidi, kurasa 41, nikajipongeza, nikajiona mtu wa maana. Nikarudi juu kidogo kuangalia "wanaume" nimewawekaje. Hamna. Hawana kidahizo. Nikasema nitakuwa nimesahau, nikapekua prufu, sikusahau kitu: kwenye kitabu changu mwanaume ni hakimu, ni mwosia, ni mrithi, ni mzee wa ukoo, ni mdai, kila mmoja ana kazi yake na mahali pake, na mwanamke ni "wanawake". Mada. Kifungu. Kama vile mirathi ni jambo la watu, halafu kuna na wanawake pia.

Na Zuu, wewe uliniambia. Miaka minne iliyopita, kwenye rasimu ya tasnifu, pembeni, kwa penseli, uliandika "mbona hawa wanaume hawana jinsia?" Nikakujibu kwa kirefu, ukurasa mzima wa imeili, na nadharia ndani yake. Ule ukurasa nimeutafuta usiku ule ule nikausoma. Sitakutumia tena, naomba na wewe uifute.

Kubadilisha kitabu siwezi sasa, prufu ni prufu, ukiongeza hata aya moja kurasa zinasukumana na faharasa yote inaanguka. Wanaruhusu makosa ya chapa tu, na hayo yapo: ukurasa wa 88 mjane "alikana deni" imekuwa "alikanda deni", nimetamani kuacha. (Kitabu cha kwanza kabisa kuchapwa Oxford ndani kina mwaka 1468 lakini wataalamu wengi wanaona kilichapwa 1478, X moja ya Kirumi ilidondoka, kwa hiyo kukanda deni si aibu ya kwanza duniani.) Lakini faharasa bado ni yangu, hiyo naweza kuipanga nitakavyo, na hapa ndo nataka msaada wako. Nimefikiria kufuta kabisa "wanawake" na kuwagawa: wadai wa kike waende kwa wadai, wajane kwa wajane, mashahidi kwa mashahidi. Halafu nikaogopa, kuna mwanafunzi mahali atafungua nyuma akitafuta wanawake, akikosa atadhani hawamo, atakirudisha kitabu kwenye rafu. Nikafikiria kuwaweka "wanaume" nao, kurasa 41 za kwao, haki sawa, lakini itaonekana nafanya mzaha. Au ni mzaha unaostahili? Unaona nilivyochoka.

Kuna na la pili, hili dogo lakini ndo linaniuma. Kwenye shukrani nimekuweka pamoja na "waliosoma sura mojamoja". Wewe! Uliyesoma yote mara mbili, ya pili ukiwa na homa. Niliandika zile shukrani usiku wa mwisho wa dedlaini nikiwa na orodha ndefu na usingizi, si kisingizio, nakuambia tu ilivyokuwa. Bahati nzuri ukurasa wa shukrani una nafasi chini na mhariri kakubali sentensi moja. Moja tu. Nimeandika sita na zote zinanuka hotuba ya msibani.

Ulilalamika mara ya mwisho kwamba vitabu vipya havikufikii, unaona majina tu kwenye katalogi na bei inakukodolea macho. Hiki changu sikushauri ukinunue, kinatoka jalada gumu kwanza, hilo wanawatengea maktaba, jalada laini mpaka mwaka upite au zaidi kama wakijisikia. Kingekuwa bure mtandaoni kama ningelipa mimi, unajua mambo hayo. Ila ingia Directory of Open Access Books, orodha ya mtandaoni ya vitabu vya kitaaluma, ipo tangu 2012, bure kabisa na vimepitiwa na wataalamu, historia, dini, isimu, sosholojia, vyote vimo. Na MIT Press, wachapishaji wa chuo cha MIT cha Marekani, wana mpango wao wa tangu 2021, maktaba zinachanga pamoja halafu vitabu vyao vipya vya kitaaluma vinakuwa wazi kwa kila mtu. Anza na hivyo. Changu nitakutumia nakala moja kati ya zile chache za mwandishi, usimwambie Pacha, ameshaomba mbili na hajarudisha hata kile cha zamani. Na usishtuke kukuta mwaka uliochapwa ndani haujafika, kinatoka Novemba lakini wanakiandika mwaka unaofuata ili kisizeeke haraka. Mimi nao wangenifanyia hivyo ningeshukuru.

Haya, nijibu basi, na nijibu hivi karibuni, faharasa inaondoka Ijumaa ijayo. Wanawake nifute, niache, au niwawekee wanaume kiti pembeni? Mjane umuweke wapi, M au W? Kwenye shukrani unataka jina gani, lile unalochapishia makala au lile tunalokuitia sisi? Na tasnifu yako, Zuu, nimeahidi sitauliza na nauliza, bado iko kwenye lile boksi chini ya kitanda? Yule mhariri aliyekuomba sura mbili ulimjibu au ulimpa dawa yangu ya miezi saba? Unamkumbuka aliyesema ukiitoa ile sura ya mapitio ya maandishi kitabu kinabaki kizuri, ni mimi au ni Mzee Tanbihi? Kama ni yeye basi kwa mara ya kwanza nakubaliana naye.

Nimetuma faili pamoja na hii. Anza na W.

Wako,
mwenye macho mekundu

Nb. Nimeangalia tena. "Ukimya" nimeupa kurasa 19. Zuu yuko ukurasa mmoja tu, nyuma ya tabaruku, lakini wa kwake peke yake.