Barua kwa Wazazi na Walezi: Kufunga Muhula wa Kwanza

Ndugu Wazazi na Walezi,

Tunafunga muhula nikiwa na furaha ambayo sijaipata tangu nipewe kuongoza shule hii. Wengi wenu mlikuwapo Jumamosi ile, vijana wa darasa la stadi za kazi katika kitengo chetu maalumu cha wanafunzi wenye ulemavu walipopanga meza chini ya mwembe wakauza mikate, maandazi, sabuni ya maji na vikapu vya ukili. Kufikia saa tano asubuhi mikate yote 60 ilikuwa imekwisha. Nilimwona baba mmoja akirudishiwa chenji na binti yake mwenyewe. Aliihesabu, akaihesabu tena, kisha akasimama ameupa uso ukuta wa ofisi yangu kwa muda mrefu. Chenji ilikuwa kamili.

Mlionunua hamkuona yaliyotangulia. Kazi ya kuoka mkate tumeigawa hatua 14, na kila hatua ina picha yake ukutani: vaa aproni, nawa mikono, pima unga kwa kopo lenye mstari mwekundu, na kuendelea. Mwalimu alianza kwa kuwashika mikono, halafu akawa anaonyesha kwa kidole, halafu akakaa kimya, mwisho akatoka nje. Hapo pa kutoka nje tulifika baada ya miezi minne. Kijana wetu mmoja mwenye usonji hakushindwa kukanda wala kupima. Kilichomshinda ni kengele ya mapumziko. Ikilia, anaziba masikio na kuacha kila kitu. Tukaisogeza zamu yake ianze baada ya kengele, na leo ndiye tunayemtegemea kwenye kupima. Namshukuru sana mwalimu wa kitengo, aliyesomea kazi hii Patandi, chuo cha walimu wa elimu maalumu, na anayeifanya kwa moyo kuliko posho yoyote niliyowahi kumpa.

Tangu Aprili, vijana wanne huenda mjini Jumanne na Alhamisi kwa mazoezi ya kazi: wawili bekari, mmoja kwenye nyumba ya wageni kufua na kukunja mashuka, mmoja kwenye bustani ya mboga. Mwenye bekari alikubali wiki mbili tu za kujaribu. Sasa anaomba binti mmoja aendelee hata wakati wa likizo, na ameanza kumlipa kidogo.

Matokeo ya majaribio ya darasa la saba yapo kwenye ubao wa matangazo. Vyoo vya wasichana vimekamilika. Tarehe ya kufungua imeandikwa kwenye ripoti ya mtoto.

Sasa nifike kwenye linaloniuma.

Binti huyo wa bekari alilipwa wiki ya kwanza akaja kunionyesha noti zake, amezifunga kwenye pindo la kitenge. Alisema atanunua viatu. Wiki ya pili mtu mzima wa nyumbani kwake alikwenda bekari akadai fedha akabidhiwe yeye. Wiki ya tatu binti hakuonekana kabisa. Tulipofuatilia tukaambiwa yuko nyumbani anachota maji kwa sababu "kule anacheza tu". Simtaji mzazi huyo. Anajijua, na nimeshazungumza naye ana kwa ana mbele ya mwenyekiti wa kamati ya shule. Ninayaandika haya kwa sababu hayuko peke yake. Kati ya vijana 14 wa darasa hilo, sita hukosa kila Jumatatu kwa kuwa ni siku ya gulio na wanabaki kulinda nyumba. Hakuna hata mmoja wenu anayemzuia mtoto wa darasa la saba Jumatatu. Kwa nini huyu?

Fedha aliyoitolea jasho mtoto ni ya mtoto. Akihitaji kusaidiwa kuitunza, msaidieni, naye akiwapo na akiona. Viatu vile vinunuliwe.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 ya watu wenye ulemavu. Halmashauri nazo hutenga asilimia 2 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo ya kundi hilo. Milango ipo. Lakini mwenye bekari hakuniuliza habari za sheria. Aliniuliza: "Mwalimu, kesho atakuja?" Nilimjibu ndiyo, na mmenifanya mwongo.

Kuanzia muhula ujao, kijana atakayekosa siku tatu bila taarifa, nitakwenda mwenyewe nyumbani kwake nikiwa na mtendaji wa mtaa. Nafasi yake mjini sitampa mwingine, nitaidai kwenu.

Ada ilifutwa, lakini mchango wa chakula mliupitisha wenyewe mkutanoni kwa kunyoosha mikono. Nusu ya waliounyooshea mikono hawajalipa. Kijana hawezi kukanda unga saa sita akiwa na njaa. Lipeni kabla ya kufungua.

Wenye vijana waliotimiza miaka 18, tumieni likizo hii kufuatilia cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha NIDA. Bila hivyo hakuna akaunti wala mkopo. Anayekwama kujaza fomu anione. Nipo ofisini hadi Jumatano saa nane mchana.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu Mkuu