Hamisi, tazama cheche za chini

Ndugu yangu Hamisi,

Salamu nyingi kwako na kwa shemeji. Picha ya ile pleti ya milimita 6 uliyoikata kwa mashine ya plazma, ile inayokata chuma kwa moto wa umeme na hewa, imenifikia. Slagi, yaani mabaki ya chuma kilichoyeyuka, iliyoning'inia chini ni nene, ina mapovu, na umesema inabanduka kwa pigo moja la nyundo. Basi unakwenda polepole mno. Ungekuwa unakimbia, slagi ingekuwa uzi mwembamba mgumu, usiotoka ila kwa grainda.

Wengi hukodolea macho moto wa juu. Wewe tazama cheche zinapotokea chini ya pleti. Mwendo ukiwa sawa, zinaegemea nyuma kidogo, digrii 10 hadi 15 kutoka wima. Zikidondoka wima kabisa, ongeza mwendo. Zikikurukia usoni, moto haujapenya: punguza mwendo, au pleti imeishinda mashine.

Tochi, kile kishikio kinachotoa moto, ishike wima, uivute kuja kwako, mkono wa pili ukiwa nguzo juu ya pleti. Kabla ya kubonyeza, ipitishe njia yote ikiwa imezimwa, uone kama kebo inafika na kiwiko hakigongi kitu. Nozeli, yaani mdomo wa tochi wenye tundu la moto, ikae milimita 1.5 hadi 3 juu ya chuma. Mashine yako ya ampea 40 ukiifunga nozeli ya kuburuza, unaweza kuigusisha. Ya kawaida ukiigusisha, tundu lake linaungua upesi. Ukiinua mno, mkato unapanuka na ukingo unalala, hausimami wima.

Ukianzia ukingoni, weka tundu la nozeli juu ya ukingo wenyewe, bonyeza, na usiondoke mpaka cheche zitokeze chini. Ukikaribia mwisho, simama kidogo, la sivyo kipande kitabaki kimeshikwa na kona moja.

Kutoboa katikati ya pleti ndiko kunakomaliza nozeli. Ukiisimamisha tochi wima, chuma kilichoyeyuka hakina pa kwenda, kinarudi kwenye tundu. Ilaze digrii 45 hivi, mdomo ukielekea mbali nawe na mbali na watu, bonyeza, kisha inyanyue taratibu hadi wima, na usianze mwendo kabla cheche hazijatoka chini. Tena usitarajie kutoboa unene wote ambao mashine hukata ikianzia ukingoni.

Kuhusu ukingo uliolala upande mmoja ulioniuliza, hilo si kosa la mkono wako peke yake. Hewa ndani ya tochi huzunguka, kwa hiyo kwa kawaida upande wa kulia wa mwendo hutoka ulionyooka na wa kushoto hulala. Panga kipande cha kutupa kiwe kushoto. Ukikata duara la kutumia, zunguka kama mishale ya saa. Ukikata tundu, zunguka kinyume chake.

Sasa hewa. Huko Tanga na unyevu wa pwani, kompresa inakusanya maji mengi. Mwaga tangi kila asubuhi, na kichujio kiwe karibu na mashine. Puliza hewa kwenye karatasi kavu: ikilowa, usikate. Maji hula elektrodi, kile kipande cha ndani ya tochi ambako moto huanzia, na kuufanya moto uteteme. Geji ya mgandamizo isome hewa ikiwa inatoka, si ikiwa imesimama. Mashine nyingi ndogo hutaka bar 5 hivi, lakini fuata kitabu chake.

Ukifungua kichwa cha tochi, angalia kidoti cha hafniamu, aina ya metali, kwenye ncha ya elektrodi. Kikichimbika milimita 1.5, itupe. Tundu la nozeli likiwa kama yai, itupe pia. Mimi nabadilisha zote mbili kwa pamoja, kwani moja iliyochakaa huharibu mpya. Chomoa umeme kwanza, volti za tochi hupita 200. Na mwambie kijana wako aache kubonyeza tochi hewani kwa kuchezea: kila mwako unakula elektrodi.

Kibano cha athi, kile kinachorudisha umeme kwenye mashine, kifunge kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi, kwenye kipande kinachobaki, si kile kitakachoanguka. Miwani yenye giza namba 5 inatosha hadi ampea 40. Bati la zinki likate penye upepo, na pipa lililofungwa usiliguse hata kama mwenyewe anaapa ni tupu.

Kata kipande cha sentimita 20 kwa mwendo wa haraka zaidi, kisha nipigie picha ukingo wa kulia, pamoja na nozeli uliyotumia.

Wako,
Juma