Tatizo si DS, ni namna inavyofundishwa

Ndugu Mhariri,

Nimesoma barua ya msomaji mwenzangu anayetaka masomo ya lazima kwa wote, yaani DS (Development Studies, au Taaluma za Maendeleo) na stadi za mawasiliano, yafutwe vyuoni ili wanafunzi wapunguziwe gharama. Uchungu wake naujua. Mimi ni mhandisi wa maji niliyesoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, na kila mwezi asilimia 15 ya mshahara wangu wa msingi hukatwa kabla sijaishika. Ila dawa anayoipendekeza haigusi ugonjwa.

Vyuo vyetu hutoza ada kwa mwaka, si kwa somo. Futa DS leo, mwanafunzi wa uhandisi bado atakaa miaka minne na kulipia chumba, chakula na nauli ya miaka minne. Kinachomkausha ni bumu, yaani fedha ya kujikimu itokayo kwenye mkopo, kuchelewa, hosteli kutotosha hadi anapanga mtaani kwa kodi ya miezi sita, na kurudia mwaka.

Nieleze DS ilivyonifaa. Nilipoanza kazi nilipelekwa kwenye mradi wa kisima kirefu kijijini. Pampu nzima, bomba zima, tenki zima, lakini maji hayatoki kwa sababu hakuna hela ya dizeli. Wazee walikataa katakata kulipia ndoo. Wenzangu wakasema ni ukaidi. Mimi nikakumbuka mhadhara wa DS: mwaka 1971 Serikali ilianza mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwanakijiji maji ndani ya mita 400 kutoka kwake, na enzi hizo maji ya kijijini yalikuwa bure. Uchangiaji ulikuja baadaye, na Sera ya Maji ya 1991. Wazee wale walikuwa wameshikilia ahadi ya nchi yao! Tukaanza kikao kilichofuata kwa kuizungumza ahadi hiyo bila kuficha, na kwa nini haikutimia. Maswali yakabadilika. Wakataka kujua lita moja ya dizeli ni shilingi ngapi na daftari la makusanyo atalishika nani. Haidroliki, elimu ya mwendo wa maji, naipenda na ndiyo inayonilisha, lakini isingenifikisha hapo.

Tusisahau pia masomo haya yalikotoka. Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao 393. Mwaka uliofuata viongozi na wahadhiri walikaa kujadili chuo kikuu kina wajibu gani kwa nchi maskini, na mwaka 1973 ikaanzishwa Taasisi ya Taaluma za Maendeleo. Msomi anayesomeshwa kwa kodi ya mkulima anastahili kuulizwa swali hilo hata sasa.

Ninapokubaliana na mwenzangu ni kwenye ufundishaji. Sisi tulirundikwa ukumbini mamia kwa mamia, wengine wamekaa kwenye ngazi, mhadhiri anasoma notsi zilizokwisha kupita mikononi mwa waliotutangulia, kisha mtihani wa kuzungushia herufi. Somo likifundishwa hivyo, kijana ana haki ya kuliona ni kikwazo tu cha kuvuka. Na wapo waliotoka stashahada, ambao tayari wamelisoma somo hilihili na kulifaulu, wanaolazimishwa kuanza upya.

Kwa hiyo naiomba Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) ivitake vyuo viwasamehe wenye stashahada masomo waliyokwisha kuyafaulu, vigawe madarasa ya DS katika semina ndogo, na vifundishe kwa mifano ya fani husika: wa maji wachambue miradi ya maji, wa famasia wachambue bei za dawa. Bodi ya Mikopo nayo itoe bumu kwa wakati, maana hapo ndipo gharama inapomuuma mwanafunzi.

Mhandisi wa maji,
Singida