Ambulensi Itapita Wapi?

Kisumu,
Jumapili jioni

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Watoto ni wazima, na mvua hatimaye imeanza.

Barua yako nimeisoma mara mbili kwa ajili ya pale uliposema kwamba mtaa usio na magari katikati ya Nakuru utaua watu, kwa kuwa ambulensi na zimamoto hazitapata njia. Hofu hiyo ninayo pia, omera. Ila mimi nahofia kitu kingine.

Mwaka jana mama mwenye duka jirani na langu alianguka ghafla. Mtaa wetu magari yanaingia saa yoyote. Tulisikia king'ora kikija, kisha kikabaki kinalia pale mwanzoni mwa mtaa. Matatu zilikuwa zinashusha abiria, lori linapakua saruji, tuktuk na boda boda zimejaza kila upenyo. Madereva walitaka kupisha, lakini wasogee wapi? Wahudumu wakaacha gari, wakaja mbio na machela. Tulimbeba mama wa watu huku tukipaza sauti, na umati ukagawanyika pande mbili mara moja. Watu walipisha. Magari hayakuweza. Alipona, Mungu ashukuriwe, lakini king'ora kile bado nakisikia.

Kule Copenhagen, mtaa wa Strøget uliachiwa watembea kwa miguu tangu 1962, na magari ya dharura huingia. Pontevedra, Uhispania, walianza kuyaondoa magari katikati ya mji mwaka 1999, na ambulensi hazikufungiwa nje. Penye nguzo za kuzuia magari, huwekwa za kulala au kung'oka, na funguo wanazo zimamoto.

Hofu yangu ni sisi wafanyabiashara. Magari yakiondoka, kesho yake utaona meza ya nguo, keshokutwa kibanda cha chipsi chenye miguu ya saruji, halafu turubai limefungwa kutoka ukuta huu hadi ule. Hapo ndipo zimamoto itakwama. Mwongozo wa Uingereza unataka upana wa mita 3.7 kwa gari la zimamoto, na nafasi ya juu vilevile mita 3.7. Turubai zetu huzifikii kwa mkono? Na gari hilo likijaa maji hupita tani 10, kwa hiyo vifuniko vya mitaro viwe vya kulibeba.

Basi wakikuiteni mkutanoni, usipinge mtaa. Dai njia ya magari ya dharura ichorwe kwa rangi katikati, asiuze mtu ndani yake, hata shemeji yako. Cha magurudumu kikae pembeni. Cha kujengewa kisiwepo. Na zimamoto waje na gari lao walipitishe siku ya soko, watu wakiwa wamejaa, kabla ya kufungua.

Ukija Desemba, beba ile futi yako ndefu. Tutaupima mtaa wangu pamoja, tuanzie mlangoni pa yule mama.

Wako daima,
Jirani yako wa zamani wa Kondele