Aliyetolewa kifuko cha nyongo aambiwe lini arudi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalowahusu wagonjwa waliotolewa kifuko cha nyongo, pamoja na sisi tunaowauguza nyumbani. Mwaka jana wifi yangu alifanyiwa upasuaji huo kwa njia ya matundu madogo kwa sababu ya vijiwe, akaruhusiwa siku ya pili, nasi tukampokea hapa Ngamiani tukidhani kazi imekwisha, kwani tumboni palikuwa na plasta nne tu. Udogo wa vidonda ndio uliotupumbaza. Ndani, kazi ni ile ile ya upasuaji wa mkato mrefu: kifuko hubanduliwa kwenye ini, mrija wake hubanwa na kukatwa, na hapo ulipokatwa nyongo inaweza kuvuja.

Siku ya kwanza alilalamikia bega la kulia, tukahangaika kumkanda usiku kucha, kumbe maumivu hayo ni ya kawaida: tumbo hujazwa hewa ya kaboni daioksaidi ili daktari apate kuona, na mabaki yake huchokoza kiwambo kinachotenganisha kifua na tumbo, hata maumivu yakasikika begani kwa siku mbili tatu. Basi, jambo dogo tulilihangaikia, na kubwa tukaliita malaria. Siku ya nne maumivu ya tumbo, badala ya kupungua, yalizidi, homa ikapanda, akatapika maji ya njano, na kila aliyekuja kumjulia hali akasema, “Nyongo hiyo, mpimeni malaria.” Ndivyo tulivyozoea huku pwani. Kipimo hakikuonyesha vimelea, na bado tukanunua dawa ya mseto, zikapotea siku mbili.

Siku ya sita nilimtoa uani akaote jua la asubuhi. Chumbani, chini ya taa, macho yake sikuyaona na kasoro. Pale uani, nilipomvuta kope la chini, weupe wa jicho ulikuwa kama kitambaa kilichoguswa na bizari. Ndipo aliponiambia, kwa haya, kwamba mkojo wake tangu jana ulikuwa kama chai ya rangi iliyokolea. Tulirudi hospitali, ultrasaundi ikaonyesha majimaji tumboni, akawekewa mpira wa kuyatoa, kisha akapelekwa Dar es Salaam, ambako mrija uliokuwa umejeruhiwa ulitibiwa. Leo yu mzima.

Simlaumu daktari aliyempasua. Jeraha la mrija wa nyongo huwapata wagonjwa wachache, chini ya mmoja kati ya 100, na huweza kutokea hata mikononi mwa bingwa. Ninacholalamikia ni karatasi tuliyopewa mlangoni, iliyojaa Kiingereza na vifupisho, huku maneno pekee ya Kiswahili yakiwa “arudi kliniki baada ya wiki mbili”. Sisi tulitii, tukawa tunahesabu siku.

Ombi langu kwa hospitali za mkoa wetu ni nusu ukurasa wa Kiswahili. Useme kwamba kinyesi kulainika kwa majuma machache, hasa baada ya vyakula vya mafuta, si jambo la kutisha. Lakini mgonjwa arudi siku hiyo hiyo akipata homa, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, kutapika kusikokoma, tumbo kuvimba, usaha kwenye kidonda, macho ya njano, mkojo mweusi au kinyesi cheupe kama udongo wa mfinyanzi. Uongeze kwamba umanjano unaweza kuja hata majuma kadhaa baadaye, iwapo kijiwe kimebaki kwenye mrija, na kwamba mguu mmoja ukivimba au pumzi ikikata ghafla, asingoje hata kupambazuke. Usomwe kwa sauti mbele ya atakayemuuguza, maana mgonjwa mwenyewe siku ya kutoka huitikia kila kitu ili aende zake nyumbani, na chini yake iandikwe namba ya simu ya wodi inayopokelewa usiku.

Wako,
Msomaji,
Ngamiani, Tanga